Stauti yangu inaonja majivu, nimekosea wapi?

SWALI: Mambo vipi, mimi niko Mamboleo hapa Kisumu, nimejaribu kupika stauti, ile bia nyeusi, nyumbani mara mbili na zote zimenishinda. Nilichukua kimea cha kawaida cha shayiri kilo 3, shayiri nyingine kilo 1 nikaichoma mwenyewe kwa karai mpaka ikawa nyeusi tii, hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, nikaagiza Nairobi, hamira ni ile ya bia si ya mkate. Rangi iko sawa kabisa lakini ukionja ni kama umelamba jiko, alafu ile ya pili ilikuwa na harufu ya ndizi na asubuhi kichwa kiliniuma vibaya sana. Babangu alionja kidogo akasema afadhali busaa, ile pombe ya kienyeji. Shida ni nini?

JIBU: Pole sana ndugu, na mzee usimkasirikie, jibu lako liko kwa hiyo hiyo busaa. Nyanyangu kule Butere alikuwa anachoma ule unga wa busaa uliochacha kwenye mabati juu ya kuni, na hakuwa anangoja rangi, alikuwa ananusa. Ukianza tu kunukia kama mahindi ya kuchoma anavuta kuni nje, anageuza na mwiko, ukiwa kahawia anatoa, na ule ulioshika pembeni ukawa mweusi anawatupia kuku. Wewe umepika na ule wa kuku.

Sawa, stauti inataka kuungua kuliko busaa, lakini ishia rangi ya kahawa iliyokaangwa. Toa punje moja utafune, ukipata uchungu wa kahawa epua mara moja na umwage kwa sinia ipoe, maana karai bado lina moto na litaendelea kuchoma hata ukizima jiko. Moshi ukianza kuwasha macho ujue umechelewa. Alafu usiitumie siku hiyo, iweke kwa mfuko wa karatasi wiki mbili ile harufu kali itoke.

Na kilo 1 kwa 3 jamani, hiyo ni robo nzima! Stauti kavu za kule Dublin shayiri ya kuchoma huwa karibu asilimia 10 tu. Kwa kilo zako 4 weka gramu 400, hizo 600 zingine weka oti zile za uji, ndio zinaipa uzito mdomoni. Mimi hiyo ya kuchoma huwa naiponda naloweka kwa maji baridi usiku mzima, nachuja, yale maji meusi namwaga kwa sufuria ya bia inayochemka dakika 10 kabla ya kuepua, uchungu unakuwa laini sana. Kimea chenyewe kiloweke saa 1 kwa maji ya nyuzi 66 ama 67, na hapo nunua thamometa tafadhali, kidole hakiwezi.

Hiyo ndizi na kichwa ni joto la Kisumu. Hamira nyingi za stauti zinataka nyuzi 18 mpaka 20, chumba chako mchana kinafika 28 bila shida. Weka ile ndoo bia inachachukia ndani ya beseni la maji, ifunike na shuka iliyoloa, na siku tatu za kwanza badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Ama utafute hamira ya kveik kutoka Norway, hiyo hata nyuzi 30 haisumbuki.

Maji ya mfereji yaweke usiku wazi ama uyachemshe klorini itoke.

Wakati wa kutia kwa chupa pima sukari ya kuleta povu, gramu 6 kwa lita inatosha, na ungoje bia imalize kuchachuka kabisa kwanza, si unakisia kwa kijiko, chupa ya glasi ikipasuka ni hatari. Moja tia kwa chupa ya soda ya plastiki, ukiibonyeza ikiwa ngumu kama jiwe peleka zote kwa friji. Na majirani wakianza kuuliza bei, kuuza kunataka leseni, hiyo ya nyumbani mpelekee mzee glasi moja tu.