Mtoto Wako ni Kizazi cha Ngapi? Msimulie Kwanza

Wiki iliyopita mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba wa mama, mwenye miaka minane, alirudi kutoka shule hapa Louisville, Marekani, na karatasi ya mti wa ukoo. Chini yake palikuwa na swali: wahamiaji wa kizazi cha ngapi? Nikashika kalamu upesi, maana ndimi msomi wa nyumba. Nikamwambia, "Sisi wote ni kizazi cha kwanza. Wewe ni cha pili."

Akanitazama. "Kwani baba yangu siye baba yako?"

Neno lile linaniuma mpaka leo.

Mimi nilizaliwa Baraka, Fizi, huko Kongo, mwaka 1992. Vita vya 1996 vilinikuta na miaka minne. Tukavuka Ziwa Tanganyika usiku, mama kanifunga mgongoni kwa kitenge, mpaka Kigoma, kisha kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Mdogo wangu wa kiume akazaliwa humo 2001. Kongo hajaiona hata siku moja. Tanzania alizaliwa, lakini kwenye makaratasi alikuwa mkimbizi wa Kongo tangu yuko mchanga. Ndege ya kuja Marekani tulipanda 2016, na mwaka uliofuata akazaliwa hapa huyu wa mwisho.

Kwa hesabu ya Marekani, aliyezaliwa nje ni kizazi cha kwanza. Aliyezaliwa hapa na mzazi mgeni ni cha pili. Mwanasosholojia Rubén Rumbaut, mwenyewe mzaliwa wa Havana, aliona haitoshi, akaigawa vipande: aliyefika kabla ya miaka 6 ni kizazi cha 1.75, wa miaka 6 hadi 12 ni 1.5, wa 13 hadi 17 ni 1.25. Mdogo wangu alifika na miaka 15. Nilipomsomea akanyamaza, kisha akauliza, "Na kule Nyarugusu nilikuwa kizazi cha ngapi?"

Wazazi na dada wenzangu, nawasihi. Usimpe mtoto namba kabla hujamsimulia safari. Mwambie nani alizaliwa wapi, alivuka na umri gani, alibebwa na nani. Iandikeni. Kama kuandika kunakushinda, simulia, lakini simulia! Namba hizi zinahesabia mpakani. Wazee wetu walihesabia kwa mtu: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Nimeona nyumba ambazo wakubwa huwaita wadogo "nyie Wamarekani", halafu wanashangaa mtoto akikataa kwenda msibani. Kosa ni letu wakubwa, na mimi nimo. Msimulieni mtoto.

Mama alikuwa jikoni anakoroga sombe, anasikia yote. Akanawa mikono, akaomba karatasi, akaigeuza upande mweupe. Juu kabisa akaandika jina la babu yake, mvuvi wa Baraka. Chini yake baba yake. Kisha yeye na baba. Kisha sisi watatu, kwenye mstari mmoja.