Mwanafunzi Mkimya na Fikra Tunduizi

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, na ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne. Tangu utotoni ni mkimya. Tunapozunguka wodini wenzangu hujibu kabla swali halijaisha, nami hubaki nikilipima jibu langu. Mwalimu mmoja aliniambia mbele ya mgonjwa kwamba mwenye hulka kama yangu hawezi kuwa na fikra tunduizi. Je, ni kweli?
Binti wa Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Si kweli, na nimesikitika kwamba uliambiwa hivyo mbele ya mgonjwa. Wepesi wa kusema ni jambo moja na uwezo wa kufikiri ni jambo jingine. Mwaka 1990 wataalamu 46 walioongozwa na Peter Facione nchini Marekani walikubaliana kwamba fikra tunduizi ni stadi, kama vile kuchambua, kupima ushahidi na kujisahihisha, pamoja na moyo wa kuutafuta ukweli hata unapopinga rai yako mwenyewe. Uchangamfu haumo.

Wanasaikolojia hupima haiba kwa sifa kuu 5, na inayokaribiana zaidi na fikra tunduizi ni udadisi, yaani kuwa tayari kupokea mawazo mapya. Bidii na utaratibu husaidia zaidi katika mitihani. Hata hivyo, utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba uchangamfu humfaa mwanafunzi wa udaktari anapofika miaka ya wodini, ambako hupimwa pia kwa namna anavyohusiana na watu. Pengine hicho ndicho alichokiona mwalimu wako, akakipa jina lisilo lake.

Waulize wazee wako habari za mwaka 2004, homa ilipoenea Lamu. Wagonjwa walifika na homa kali na maumivu ya viungo, na kwa kuwa pwani yetu imezoea malaria, ndiyo iliyodhaniwa kwanza. Lakini vipimo vya malaria havikuithibitisha, na damu ilipochunguzwa zaidi ikabainika kuwa ni chikungunya, jina lililotoka kwa jirani zetu Wamakonde, lenye maana ya kujikunja kwa maumivu. Ilikadiriwa kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mbele ya mgonjwa wa namna ile, anayejibu haraka huandika malaria, ilhali anayelipima jibu huuliza ni dalili gani ambayo malaria haiielezi.

Ninachokiogopea kwako ni upole wa kukubaliana na kila mkubwa. Sisi tumelelewa kutokata maneno ya wakubwa, nayo ni adabu njema ninayoiheshimu, lakini shaka inayobaki moyoni mwako haimfikii mgonjwa, na kosa lililomo ndani yake halisahihishwi na yeyote. Kabla ya kuingia wodini, andika magonjwa matatu unayoyadhania, na kando ya kila moja andika kinacholipinga. Kisha chagua jambo moja tu na ulitamke kwa sauti, kwa mfano: “Samahani daktari, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, maumivu haya ya viungo tunayaelezaje?”