Ruhusa ya ziara ya raga ya vijana
Je, timu ya vijana ikienda kucheza raga nchi nyingine inahitaji ruhusa rasmi? Ndiyo, hata kwa mechi ya kirafiki na klabu ndogo ya kijijini, mbali kabisa na njia za watalii, ombeni ruhusa ya chama cha raga cha kwenu na cha nchi mnayokwenda. Nimeshasafiri na timu za vijana: barua ya ruhusa kwanza, tiketi baadaye, maana bima inaweza kukataa kulipa mtoto akiumia kwenye mechi isiyoidhinishwa. Kubalianeni pia sheria za umri. Chini ya miaka 19, skramu (wachezaji wa mbele wa timu mbili wakishikana na kusukumana kugombea mpira) haisukumwi zaidi ya mita 1.5, na kipindi hakizidi dakika 35. Kwa wadogo zaidi, kila nchi ina zake. Na walale kwa familia za wenyeji, tafadhali! Mtoto kula meza moja na aliyemkaba mchana huohuo, hakuna jumba la makumbusho linalompa hilo. Ila wazazi waridhie kwa maandishi.