Kuona, Kupima, Kuthibitisha: Vitenzi vya Ripoti ya Maabara

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu wa shule za msingi, na kila muhula nasahihisha ripoti za majaribio zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mwanzoni nilikuwa nikipata sentensi kama hii: “Tulichukua jani tukaliweka kwenye maji ya moto, tukaona limelainika, tukaliweka kwenye spiriti, tukaongeza iodini, tukagundua na kuthibitisha kuwa majani yote yana wanga.” Nilipowaambia wanachuo watumie lugha rasmi, walikwenda kutafuta maneno mazito, na sasa ripoti zimejaa “kudhihirisha”, “kubainisha” na “kutanabahisha” hadi sijui tena ni kitu gani kilichofanyika mezani. Je, ipo orodha ya vitenzi rasmi ninavyoweza kuwapa?

JIBU: Mwalimu, orodha ningeweza kuiandika, lakini nachelea kwamba ingewaongezea wanachuo wako maneno ya kubandika bila kuwaondolea tatizo. Wao wameelewa kwamba urasmi ni uzito wa neno, na kwa sababu hiyo wanapima kitenzi kwa ugeni wake. Katika ripoti ya maabara kitenzi huwa rasmi kinapotaja kwa usahihi kile ambacho mkono ulifanya au jicho liliona, kiasi kwamba mtu ambaye hakuwepo aweze kurudia jaribio lile lile kwa kusoma tu. Tuichukue sentensi ya jani uliyoileta, kwa maana karibu kila kosa linalostahili kuzungumzwa limo ndani yake.

Kitenzi “kuweka” kimetumika mara mbili kwa matendo mawili yasiyofanana. Jani lililotiwa katika maji ya moto lilichemshwa ili lilainike. Jani lililotiwa katika spiriti lilikusudiwa kupoteza klorofili, yaani rangi yake ya kijani. Hapa uchaguzi wa kitenzi unagusa hata usalama wa watu. Mwanachuo akiandika “spiriti ilichemshwa”, mwalimu kijana atakayesoma ripoti hiyo anaweza kuiweka spiriti juu ya moto, nayo hushika moto upesi. Kilichofanyika ni kwamba moto ulizimwa kwanza, kisha neli yenye spiriti ikatumbukizwa katika maji ambayo tayari yalikuwa ya moto. Ningeiandika sehemu hiyo hivi:

“Jani lilichemshwa katika maji kwa dakika mbili, na moto ukazimwa. Kisha jani lilihamishiwa katika neli ya majaribio yenye spiriti, na neli ikatumbukizwa katika bika ya maji ya moto hadi jani lilipopoteza rangi ya kijani. Baada ya kusuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, jani lilitandazwa juu ya kigae cheupe na kudondoshewa matone matatu ya iodini. Sehemu zilizofikiwa na iodini ziligeuka kuwa na rangi ya bluu iliyokoza, karibu na nyeusi.”

Tazama vitenzi vyenyewe: kuchemsha, kuhamishia, kutumbukiza, kusuuza, kutandaza, kudondoshea. Vingi ni vitenzi vya jikoni, navyo ni rasmi kabisa, kwa sababu jikoni ndiko Kiswahili kilikojifunza kutenganisha kukoroga na kutikisa, kuchuja na kuchekecha, kumimina na kunyunyiza. Mwanachuo anayedhani kwamba “kufanya uchujaji” ni rasmi kuliko “kuchuja” amekiondolea kitenzi nguvu yake na kuikabidhi kwa “kufanya”, neno lisiloonesha tendo lolote mahususi. Ningekuomba uwe mkali hasa kwa kosa hilo, kwa maana linaenea hata katika maandishi ya wakubwa.

“Kuongeza” nalo linahitaji uangalizi. Kuongeza ni kuzidisha kilichokuwepo. Ikiwa neli ina matone matatu ya iodini nawe ukadondosha mawili mengine, hapo umeongeza. Lakini iodini ya kwanza kabisa juu ya jani ilitiwa au ilidondoshwa. Tofauti hiyo humwambia msomaji kama kitu kimeingia mara moja au kwa awamu.

Kuhusu “tukaona, tukaweka”, kiambishi -ka- hakina kosa la kisarufi, nami mwenyewe nimekitumia katika mfano wangu pale hatua mbili zilipofuatana moja kwa moja. Kikitawala ukurasa mzima, hata hivyo, ripoti husomeka kama ngano, na msomaji hupoteza mahali pa kuhesabia hatua. Mhimili uwe -li-, na -ka- ije kwa uchache. Kuna jambo jingine la nyakati ambalo naliona kuwa na uzito mkubwa zaidi. Kiswahili kimetupa -li- kwa kilichotokea siku ile na hu- kwa kinachotokea siku zote. “Kipande cha chuma kilitanuka” ni taarifa ya jaribio; “chuma hutanuka kinapopashwa joto” ni kanuni. Mwanachuo anayevuka kutoka -li- hadi hu- ametoa dai kubwa kwa kubadili kiambishi kimoja tu, na ni lazima ajue kwamba amelitoa.

Ndipo tunapofika kwenye “tukagundua na kuthibitisha kuwa majani yote yana wanga”. Hakugundua, kwa kuwa kugundua ni kupata jambo lililokuwa halijulikani. Yeye aliona rangi ya iodini ikibadilika kuwa bluu iliyokoza, ambayo ndiyo dalili ya wanga. Wala hakuthibitisha habari za majani yote, kwa kuwa alichunguza jani moja. Angeandika: “Matokeo yanaonesha kuwa jani lililochunguzwa lilikuwa na wanga.” Kama angetaka kusema kwamba mwanga ndio uliohusika, angehitaji kulinganisha na jani la mmea uliofungiwa gizani kwa siku moja au mbili, na hata hapo ningemshauri aandike “matokeo yanaashiria” hadi jaribio lirudiwe. Vitenzi hivi vina ngazi: matokeo yanaweza kudokeza jambo, kuliashiria, kulionesha, au kulithibitisha, na kila hatua ya kupanda inadai ushahidi zaidi. Kuashiria kuna hata maana ya kushikika maabarani, kwa kuwa kemikali inayobadili rangi mbele ya asidi au besi tunaiita kiashiria.

Waeleze wanachuo wako habari za Erasto Mpemba, kwa maana ni mfano wa kwetu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Mpemba aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa na sukari uliotiwa katika jokofu ungali wa moto uliganda kabla ya mchanganyiko wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa shule ya Mkwawa huko Iringa, alimuuliza sababu ya jambo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka chuo kikuu cha huko Dar es Salaam, naye akaagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kuhusu walichokiona. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio ambamo hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa athari hiyo, yaani kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, wakaeleza kuwa tofauti ya sentimita moja tu katika mahali pa kipimajoto ilitosha kuleta matokeo yanayofanana nayo. Mjadala haujafungwa. Kwa hiyo katika habari nzima, kitenzi “kuona” kimesimama imara tangu 1963, “kueleza” kimejaribiwa na wengi kwa njia nyingi, na “kuthibitisha” bado hakijapata mahali pa kukaa. Kijana aliyesema “niliona” na akauliza sababu alifanya sayansi kamili. Hakuhitaji neno kubwa zaidi ya hilo.

Kuhusu maneno matatu uliyoyataja: kubaini ni kutambua, na mtu ndiye anayebaini; kubainisha ni kuweka wazi, na hufaa pale jedwali au mchoro unapotenganisha vitu viwili. Kudhihirisha ni kukileta kitu kikaonekana waziwazi, kwa hiyo kiko karibu na kuthibitisha na kisitumiwe kirahisi. Kutanabahisha ni kumzindua mtu aliyeghafilika. Sijapata kuona ripoti ya maabara iliyokihitaji.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa kwanza. Mkufunzi mmoja anasema nafsi ya kwanza ni mwiko katika ripoti, niandike “ilipimwa” wala si “tulipima”. Mwingine anasema “tulipima” ni sawa. Niliandika hivi nikakatwa alama: “Nguvu ya mvutano wa dunia ilipimwa na wanafunzi kwa kutumia pendulamu ikapatikana 9.77.” Kosa langu ni lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kauli ya kutendwa hufaa katika sehemu ya njia, kwa sababu msomaji anataka kujua kipimo kilichukuliwaje, na aliyekichukua hana umuhimu. Ndiyo maana “na wanafunzi” katika sentensi yako halina kazi: umeitumia kauli inayomficha mtenda, kisha ukamrudisha kwa mlango wa nyuma. Mimi sikubaliani, hata hivyo, na kuipiga marufuku nafsi ya kwanza. Pale kundi lilipofanya uamuzi, uamuzi huo uwe na mwenyewe: “Tuliacha kipimo cha kwanza cha bureti (neli ya kupimia ujazo wa vimiminika) kwa kuwa kilikuwa cha makadirio.” Vilevile pale kosa lilipotokea. Wanafunzi hupenda kuandika “kiasi fulani cha asidi kilimwagika”, kana kwamba asidi iliamua yenyewe. Uaminifu unadai “tulimwaga”.

Usisahau pia kwamba Kiswahili kina kauli ya tatu, ile ya kutendeka, ambayo kwa mwanasayansi ni hazina. Mshumaa uliofunikwa kwa glasi ulizimika. Mshumaa uliopulizwa ulizimwa. Katika tukio la kwanza hali ndani ya glasi ndiyo iliyosababisha, na katika la pili ni mtu. Maji yalichemka saa ngapi, na yalichemshwa kwa muda gani, ni maswali mawili yenye majibu mawili. Ukichanganya -ik- na -w- umechanganya kinachotokea chenyewe na kinachofanywa, na hapo ndipo sayansi yenyewe inapovurugika.

Alama zako, nadhani, zilipotea mahali pengine. Hukupima mvutano wa dunia. Ulipima urefu wa uzi, tuseme sentimita 100, na ulipima muda wa mizunguko 20, tuseme sekunde 40.2. Kutokana na vipimo hivyo ulikokotoa muda wa mzunguko mmoja, yaani sekunde 2.01, na kwa kutumia kanuni ukakokotoa mchapuko, yaani kadiri mwendo wa kitu kinachoanguka unavyoongezeka kila sekunde, ukapata 9.77. Kupima ni kwa chombo. Kukokotoa ni kwa hesabu. Kukadiria ni kwa jicho au kwa uzoefu pale chombo kisipotosha. Msomaji akikuta “ilipimwa” ataitafuta hitilafu kwenye chombo, ilhali huenda imo kwenye hesabu. Zaidi ya hayo, ulichokitafuta ni mchapuko na si nguvu, na namba bila kizio haina maana. Andika: “Muda wa mizunguko 20 ulipimwa mara tatu na wastani wake kutumika kukokotoa mchapuko wa mvutano, ambao ulikuwa mita 9.77 kwa sekunde mraba.”

SWALI: Nafundisha darasa la tano. Mwanafunzi aliandika “chumvi iliyeyuka” baada ya kuikoroga katika maji, mwenzake akamuuliza kama imeyeyuka kama barafu. Nilikosa jibu fupi. Je, tuna kitenzi kingine?

JIBU: Mwenzake aliuliza vizuri sana, na nakuomba umpongeze. Barafu huyeyuka kwa joto, kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, na kuwa kimiminika cha kitu kilekile. Chumvi ya jikoni ikitakiwa kuyeyuka kwa njia hiyo inahitaji nyuzi zipatazo 801, joto lililo juu mno kwa kazi ya darasani. Kilichotokea ndani ya glasi ni chembe za chumvi kutawanyika katikati ya chembe za maji. Vitabu vingi vya shule hutumia “kuyeyuka” kwa matukio yote mawili, na si haki kumkosoa mtoto kwa kufuata kitabu chake. Kipo kitenzi “kumumunyika”, ambacho watoto wanakifahamu kupitia pipi inayomumunywa mdomoni, na mimi nakipenda kwa sababu kinabeba picha ya kitu kupungua polepole ndani ya majimaji. Ukiona kitawachanganya kabla ya mtihani, bakia na “kuyeyuka” lakini uwadai wataje kila mara kilichosababisha: “Chumvi iliyeyuka katika maji” kwa upande mmoja, na “barafu iliyeyuka kwa joto ikawa maji” kwa upande mwingine. Kisha wape kazi ya kuyavukiza maji ya chumvi juani kwenye kisahani, wapime uzito wa kinachobaki, na waandike wenyewe kitenzi cha kile walichokiona.