Sanduku la Picha za Garimoshi

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu, aliyependa kupiga na kukusanya picha za reli ingawa haikuwa kazi yake, ameniachia sanduku la negativu (picha ambazo mwanga na giza vimegeuzwa, za kusafishia picha) za vioo na za filamu, za enzi za vichwa vya mvuke. Filamu zinanuka siki. Nifanyeje, na nitajuaje ni za miaka gani? – Msomaji, Ilala, Dar es Salaam.

JIBU: Pole kwa msiba, na hongera kwa kutolitupa sanduku hilo. Harufu ya siki ni dalili kwamba filamu za asetati (aina ya plastiki) zimeanza kuoza, na kwa kuwa joto na unyevu wa Dar es Salaam huharakisha uozo huo, zitenge leo hii na nyingine, kisha zipigwe skani kwanza. Vioo usivilaze kwa kuvirundika. Visimamishe, kila kimoja ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ambayo maelezo yake umeyaandika kwa penseli kabla ya kuingiza kioo. Upande usiong'aa ndio wenye picha: usiuguse wala kuufuta kwa maji, hata vumbi likikukera.

Kuhusu umri, Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914; kwa hiyo picha ya garimoshi lililosimama Tabora haiwezi kuwa ya 1908. Ukiona herufi EAR (East African Railways, yaani Reli za Afrika Mashariki) ubavuni mwa tangi la maji, picha hiyo ni ya 1948 au baadaye, reli za Afrika Mashariki zilipokwisha kuunganishwa.