Barua kwa mwanangu: Machozi ya mwisho wa somo

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini kila mwisho wa somo lako la yoga huko Dar es Salaam, mnapolazwa chali na kutakiwa mtulie, machozi hukutoka ilhali huna jambo la kukuliza. Na iwapo ni nafsi yako inayokusemesha, au ni malipo ya kujiingiza katika mambo ya dini nyengine.

Nianze na hilo la pili, kwa kuwa ndilo jepesi. Yoga imetoka India, na wanazuoni wameshaijadili: Baraza la Fatwa la Malaysia liliikataza kwa Waislamu mwaka 2008, maulamaa wa Indonesia mwaka uliofuata wakakataza ile yenye mantra, yaani maneno ya kukaririwa, na ibada na kuacha mazoezi matupu ya viungo, na Saudi Arabia ikaitambua kuwa ni mchezo mwaka 2017. Mwalimu wenu akianza kuimba usiyoyajua, wewe nyamaza uendelee kupumua. Ukitaka zaidi muulize maalim wako wa chuoni. Bado yu hai, na bado mkali.

La machozi ndilo lililonikalisha kitako. Katika miaka 32 ya ukunga nimewaona wazazi wengi walioshikwa na uchungu wakibana meno na kupandisha mabega, pumzi zao fupi, zikiishia juu ya kifua. Nikimwambia mmoja wao aishushe pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, moyo hupunguza mbio, mabega hulegea, na mara nyingi hapo ndipo anapoangua kilio au kumtaja mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimzungumza. Machozi yalikuwemo tangu zamani, yamezuiliwa na ule mkazo wenyewe.

Nimemwazima mdogo wako simu nikasoma. Kumbe katika mpangilio wa Patanjali, anayetajwa kuwa ndiye mwandishi wa Yoga Sutra, kitabu cha kale cha yoga, njia hiyo ina sehemu nane, na mikao mnayohangaika nayo ni ya tatu tu. Pumzi ni ya nne, kisha huja kuzirudisha hisi ndani, kuikusanya akili juu ya kitu kimoja, kutafakari na kuzama. Katika sehemu ya pili, kabla hata ya kukunja mguu, mtu hutakiwa ajisome mwenyewe, jambo lisilo mbali na hii muhasaba yetu ya kuihesabu nafsi. Halafu nikasoma kwamba kule kulala chali huitwa savasana, yaani mkao wa maiti. Hapo niliiweka simu chini.

Mwanangu, babaako alipofariki ulifika siku ya pili, kaburi limeshafukiwa, wala uso wake hukuuona. Ukavaa kanga, ukaingia jikoni, ukagawa kahawa, ukapokea wageni wa khitma na kuwasindikiza, na siku ya nne ukapanda boti kurudi kazini. Watu walikusifu kwa subira, nami nikawaitikia, lakini sikukuona ukilia hata mara moja. Kwa hivyo sishangai kuwa mwili wako, ukilazwa kama maiti mahali ambapo hakuna wa kumhudumia, unakitoa ulichokwenda nacho.

Usiyafukuze, wala usimpe mwalimu kazi ya kukufasiria. Angalia tu yanaanzia wapi, kooni au kifuani, na ni sura gani inayokujia kabla yake. Yakianza kukufuata mpaka kazini au kukukosesha usingizi, nenda kwa daktari.

Nami nimejaribu. Juzi baada ya Alasiri nilitandika jamvi ukumbini, nikalala chali kiasi cha dakika 10, nikihesabu pumzi. Nilikuwa nikingoja huzuni, kwani ndiyo niliyoizoea. Kilichokuja kilikuwa hasira: babaako aliujua ugonjwa wake miezi mizima, na hakuniambia mimi, mkewe, ninayeshinda hospitali. Sikuwahi kujua kuwa nimemkasirikia, na jambo hili sijamwambia mtu mwengine ila wewe.

Idi ukija tutakwenda kaburini sote wawili, asubuhi, kabla ya wageni. Na mkeka wako wa yoga uje nao, maana jamvi letu linaniumiza mgongo.

Mamaako