Anapimwa malaria kila mara, ugonjwa hauonekani

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu ni fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akitushonea sare za harusi ukoo mzima. Tangu mwezi wa nne hajakanyaga pedeli. Vitambaa vya wateja vimerundikana kwenye mifuko na wenyewe wanamfuata mpaka nyumbani. Analalamika kichwa, mgongo na mwili kuwaka moto. Amepimwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili, akaambiwa hana kitu, ingawa kila mara alirudi na dawa. Mama anasema ni uvivu, shangazi anasema ametupiwa kitu. Nimesikia redioni habari za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, lakini mbona huyu halii? – *Dada mkubwa, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siwezi kumpima mdogo wako kwa barua, ila uliyoyaeleza yanatosha kunifanya niseme kwamba safari ijayo ya hospitali isiwe ya kutafuta malaria peke yake. Watu hudhani mgonjwa wa sonona lazima awe mtu wa kulia, ilhali wengi ninaowaona hawatoi hata chozi: wanakuja na kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio au mwili kuwaka moto, na wakiulizwa habari za moyoni hujibu tu, "Nimechoka." Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hutibu alichoambiwa, na ndivyo vidonge vinavyozidi kujaa kabatini bila ugonjwa kupungua. Kosa hilo ni letu sisi tunaokaa upande wa pili wa meza, si la mgonjwa.

Tunachotafuta kwanza ni moyo mzito unaodumu karibu siku nzima, au kupotea kwa hamu ya mambo ambayo mtu alikuwa akiyapenda. Mojawapo likiendelea kwa wiki mbili au zaidi, likifuatana na usingizi kukatika, chakula kutopanda, uchovu usioondolewa na mapumziko, kujilaumu, kushindwa kutuliza fikra au kuwaza kifo, hapo ndipo tunapoanza kuzungumzia sonona. Mwulize mdogo wako anaamka saa ngapi. Kuzinduka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena, kisha asubuhi ikawa nzito kuliko jioni, ni dalili tunayokutana nayo sana. Hata hivyo apimwe damu, kwa sababu upungufu wa damu, au tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikipunguza kazi, huweza kuleta hali inayofanana na hiyo.

Mama mwambie hivi: mvivu hukwepa kazi akaenda kufanya anachokipenda, lakini huyu ameacha hata hicho anachokipenda. Na shangazi usigombane naye. Dua isomwe, mradi kliniki isisubiri mpaka dua iishe. Wala si lazima mgonjwa aanzie hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma, kama wengi wanavyoogopa. Aanzie kituo cha afya au hospitali ya wilaya, aeleze kwa mdomo wake kwamba hana hamu ya kitu na usingizi haupo, asiishie kwenye kichwa kinachouma.

Kuhusu la kufanya nyumbani, kuna jambo la Zimbabwe ninalolipenda. Watu wa kabila la Washona huiita hali hii *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina bibi wa Mbare, mjini Harare, kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi husikiliza, kisha mgonjwa huchagua tatizo moja linaloshikika na hatua moja ya kulianza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita walioketi kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Basi nawe usimwambie ajikaze amalize nguo za watu. Keti naye, mtungie uzi kwenye sindano, apinde upindo wa kanga moja tu, halafu mfunike cherehani. Kesho upindo mwingine. Wateja zungumza nao wewe, vitambaa virudishwe. Aibu ya deni hilo nayo inamkosesha usingizi.

Jambo la mwisho usilikwepe. Mkiwa wawili mwulize bila kuzunguka, "Kuna wakati unaona afadhali ufe?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, sumu za panya na za wadudu pamoja na vidonge viondolewe alipo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Naendesha bodaboda. Nimeandikiwa amitriptilini kwa ajili ya sonona, leo ni siku ya kumi, nafuu siioni, mdomo umekauka na nasinzia barabarani. Rafiki yangu anasema nitakuwa teja wa vidonge. Niache? – *Msomaji, Tanga*

JIBU: Usiache kwa uamuzi wako, wala usiendeshe ukiwa unasinzia. Mdomo kukauka na usingizi ni maudhi yanayojulikana ya dawa hiyo, na kwa wengi hupungua mwili ukizoea. Daktari anaweza kukubadilishia saa ya kumeza, kipimo, au akakupa dawa nyingine kama fluoksetini. Siku kumi ni chache. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na mara nyingi usingizi na hamu ya chakula hutangulia, moyo ukafuata nyuma. Dawa hizi hazileweshi, na hazimfanyi mtu adai kipimo kikubwa zaidi kila kukicha kama teja, lakini zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na wasiwasi, kwa hiyo hata ukipona utaendelea nazo kwa miezi kadhaa kisha upunguziwe taratibu. Pombe iwekwe kando kabisa, maana huongeza usingizi huo huo unaoulalamikia. Rudi kliniki kesho, usingoje tarehe ya kadi, na uende kwa daladala. Pikipiki iache nyumbani.